Mtoto wa miezi 5 anatakiwa kupimwa mkojo, mnaukingaje jamani?

MamaNeema_Nzuguni

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni msaada wa haraka, hasa wamama wenzangu na kama kuna mtu wa afya humu ndani.

Mwanangu wa kike ana miezi 5 na wiki mbili. Tangu Ijumaa anachemka, usiku homa inafika 39, asubuhi inashuka, hana mafua hana kikohozi, haharishi, kunyonya ananyonya ila kwa kusuasua. Jumamosi nikampeleka hospitali wakapima malaria kwa kile kipimo cha haraka hamna kitu, wakachukua damu wakasema inaonyesha kuna maambukizi ila hayajulikani yako wapi, dokta akaandika mkojo. Nikapewa kile kifuko cha plastiki cha kubandika, nikaambiwa kaa pale kwenye benchi akikojoa lete. Hakuna aliyeniambia nimsafishe kwanza wala nimwangalie kila baada ya muda gani. Nikabandika, nikafunga pampasi juu yake, nikakaa karibia masaa mawili. Kuja kufungua kifuko kimebanduka upande mmoja, mkojo mwingi umeishia kwenye pampasi na mtoto alishajichafua kidogo, uliobaki mle ndani ni kama vijiko viwili vya chai. Nikaupeleka hivo hivo maana dirisha la maabara lilikua linakaribia kufungwa.

Leo Jumanne ndo majibu ya kuotesha (ule mkojo unawekwa maabara waone ni bakteria gani wanakua) yametoka, wanasema wameota bakteria wa aina tatu tofauti, sampuli imechafuka, rudia. Siku zote hizo zimeenda bure na mtoto bado ana homa, nimelia pale koridoni mpaka mama mmoja simjui akanishikia mtoto.

Kesho asubuhi natakiwa nipeleke mkojo mwingine. Jirani kaniambia niweke pamba ndani ya pampasi halafu niikamue kwenye kikopo. Na duka la dawa hapa mtaani yule kaka anasema nisijisumbue, anipe antibayotiki nianze tu leo usiku. Nyie mliopitia mlifanyaje? Mtoto mdogo hivi unamwambiaje akojoe?

---

baba_wawili_Kizota

Pole sana dada. Mimi ni baba lakini hii kazi niliifanya mwenyewe, mdogo wetu alikua na miezi 4, wa kiume, mama yake alikua kalazwa bado. Kifuko hatukupewa kabisa tukaambiwa tukinge kwa kikopo. Nikagundua kitu kimoja, akimaliza kunyonya au chupa hazipiti dakika 20 au 25 anakojoa, na kila ukimfungua pampasi ule upepo ukimpiga tu anaachia. Basi nikamlisha, nikamsafisha kwa maji na sabuni kidogo nikamsuuza vizuri, nikakaa kwenye stuli nimempakata hana kitu chini, kikopo nimekifungua nimekishika mkono wa kulia tayari. Mara ya kwanza nilizubaa sekunde mbili tu nikajibu simu, mkojo wote ukaenda kwenye shati. Mara ya pili nikapata nusu kikopo. Simu weka mbali kabisa.

---

Dada_Chamwino

Mi wangu nilikamua pampasi na walipokea maabara na majibu yalitoka, wakamwanzishia dawa. Sioni kama kuna shida, usijitese dada.

---

mtu_wa_maabara

Dada_Chamwino sikulaumu maana wengi wanafanya hivo, lakini naomba MamaNeema usifuate hilo. Nafanya kazi maabara hapa Dodoma mwaka wa tisa sasa na hili jambo linaniuma kwasababu mwisho wa siku anayeumia ni mtoto.

Pampasi ndani ina ile punje punje inayogeuka jeli, kazi yake ni kufyonza maji. Ukiikamua kinachotoka sio mkojo ule ule, seli zimebaki mle ndani, na nikiweka chini ya hadubini naona nyuzi nyuzi na vipande vya jeli. Pamba nayo inashika seli, na vyote viwili vimekaa vimegusana na ngozi ya makalio ambako bakteria wa kinyesi wapo muda wote. Sasa bakteria anayeongoza kuleta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa watoto ni E. coli, na makazi yake ya kawaida ni kwenye utumbo, yaani ndo huyo huyo wa kinyesi. Akiota kwenye sahani yangu ya kuoteshea siwezi kujua huyu katoka kwenye kibofu au katoka kwenye ngozi. Mtoto anaweza akapewa dawa za ugonjwa ambao hana huku homa yake inatokana na kitu kingine kabisa ambacho hakuna tena anayekitafuta.

Kifuko nacho kina kasoro hiyo hiyo, kwahiyo ulivyopata aina tatu za bakteria wala hukukosea peke yako. Kifuko faida yake ni moja, mkojo wake ukipimwa kwa kijiti cha kuchovya ukaonekana msafi hapo unapumua kidogo, ila ukionyesha kitu inabidi uchukuliwe mwingine kwa njia nzuri zaidi ndo uoteshwe. Kama hospitali hawana njia nyingine basi mtoto asafishwe kwanza, ngozi ikaushwe kabisa, usipake mafuta wala poda maana haitashika, usimfunge pampasi ikabana juu yake, chungulia kila baada ya robo saa, na akikojoa tu toa hapo hapo. Akijichafua tupa kifuko, weka kingine.

Na muda. Mkojo ukishakingwa ulete ndani ya saa moja, sana sana mawili. Ukikaa kwenye joto bakteria wanazaliana, huyo E. coli akipata mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20 hivi, sasa piga hesabu umekinga saa kumi na moja alfajiri ukafika kwangu saa nne jua la Dodoma likiwa limeshauchemsha kwenye pochi. Wale wachache wa kwenye ngozi wanakua jeshi. Kama utachelewa uweke kwenye friji, sio friza, na usafiri nao kwenye kitu cha baridi. Kikopo usikifungue mpaka dakika ya mwisho na usiingize kidole ndani, na usikisuuze kwa dawa ya kuua vijidudu, ile ikibaki inaua bakteria tunaowatafuta halafu majibu yanatoka hamna kitu.

Kuhusu kaka wa duka la dawa, hapana. Dozi moja tu ya antibiotiki kabla ya kutoa mkojo inaweza kuficha bakteria nisioteshe chochote, na dokta asijue ni dawa gani inamuua huyo mdudu. Mkojo kwanza, dawa baadae, isipokua mtoto akiwa mahututi hapo madaktari wenyewe ndo wataamua wasisubiri.

---

Dada_Chamwino

Asante kwa kunieleza vizuri kaka, mi sikujua kabisa. Sasa nawaza wangu alitibiwa nini.

---

nesi_Mpwapwa

MamaNeema pole mdogo wangu. Kabla ya yote, usiku wa leo umwangalie. Akikataa kunyonya kabisa, akitapika kila kitu, akidegedeka, akilegea na haamki, au akipitisha masaa mengi pampasi kavu, usisubiri kesho, beba mtoto nenda usiku huo huo. Na kwa wengine mnaosoma, mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na homa hakuna kusubiri hata kidogo, huyo ni hospitali moja kwa moja.

Sasa kuhusu kukinga. Baba_wawili kaeleza vizuri, mi naongeza ujanja mmoja tunaoutumia wodini. Msafishe kuanzia mbele kwenda nyuma, asiwe na kinyesi popote. Mama akae, mtoto apakatwe mgongo wake ukiegemea kifua cha mama, miguu imeachanishwa. Chukua kipande cha gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) au pamba safi, kichovye kwenye maji ya baridi, kikamue kisichuruzike, halafu kisugue taratibu kwa kuzungusha chini ya kitovu, pale juu kidogo ya sehemu za siri ambapo kibofu kipo. Ule ubaridi na kule kusugua kunaamsha kibofu. Hospitali ya watoto ya Melbourne kule Australia waliupima huu ujanja kwa watoto wa mwezi 1 mpaka 12 wakatoa matokeo mwaka 2017, ndani ya dakika 5 waliosuguliwa walikojoa asilimia 31, waliosubiriwa tu asilimia 12. Kwahiyo usitegemee akojoe kila ukijaribu, ila inasaidia na haina gharama yoyote.

Kwa vichanga vya chini ya mwezi kuna ya Wahispania ya mwaka 2013, mtoto ananyonyeshwa, dakika 25 baadae mmoja anamshika chini ya kwapa miguu inaning'inia, mwingine anagonga gonga kwa ncha za vidole chini ya kitovu taratibu kwa sekunde 30, halafu anakanda mgongo wa chini sekunde 30, mnarudia rudia. Wa kwako ni mkubwa kwa hiyo, jaribu ya pamba.

Wenye watoto wa kiume ambao hawajatahiriwa, govi msilivute kwa nguvu kulisafisha, safisha nje tu.

Ikishindikana yote usiogope wakisema wanaingiza mrija. Ni mrija mwembamba sana, unapita kwenye njia ya mkojo, mtoto atalia dakika moja mbili, lakini mkojo wake ndo unaoaminika kuliko huu wa kukinga. Nimeona wamama wanakimbia na mtoto wakisikia mrija. Uliza tu nani anauweka na kama vifaa ni vipya kutoka kwenye pakiti, ni haki yako.

---

Bibi_Kondoa

Mjukuu wangu pole. Sisi zamani pampasi hatukua nazo tulikua tunawakojolesha. Unamshika hivo hivo kama nesi alivosema, unampigia mluzi mdogo shwiii shwiii sikioni kila akikojoa, na baada ya wiki kadhaa akisikia ile sauti anakojoa mwenyewe. Wanangu sita wote hivo. Kwa leo hatakua amezoea lakini mpigie tu, na wewe utulie, mtoto akihisi mama ana wasiwasi na yeye anajikaza.

---

nesi_Mpwapwa

Shikamoo bibi. Hilo ulilosema liliandikwa hadi kwenye jarida la madaktari wa watoto Marekani mwaka 1977, walienda kwa Wadigo huko pwani wakakuta mama anaanza kumzoesha mtoto akiwa na wiki chache tu kwa sauti hiyo hiyo, na kwenye miezi 4 au 5 mtoto anaitikia. Wazungu walishangaa maana kwao walikua wanaamini haiwezekani mpaka mtoto awe na mwaka na zaidi.

---

Bibi_Kondoa

Marahaba mwanangu. Basi tusiache.

---

MamaNeema_Nzuguni

Wapendwa nimerudi. Jana sikuweza kuandika nilikua hoi.

Jumatano niliamka saa kumi na moja, baridi ya Julai mnaijua na ule upepo wa huku Nzuguni. Nikaogopa kumtoa mtoto nguo nyumbani halafu nisafiri na mkojo, nikaona bora nikakingie hapo hapo hospitali ili wapokee moto moto. Nikapanda bajaji, njiani nikamnyonyesha. Nilipofika nikamwomba nesi wa zamu kikopo kipya na kipande cha gozi, nikamweleza ninachotaka kufanya, kwakweli alinisikiliza, akaniletea na maji kwenye bakuli na stuli akavuta pazia.

Nikamsafisha, nikampakata kama mlivyosema, mama mkwe wangu ndo alishika kikopo mi nasugua na lile gozi la baridi. Neema alishtuka kwanza, vidole vya miguu akavikunja, akaniangalia juu kama ananiuliza nafanya nini. Dakika ya kwanza hamna kitu, ya tatu hamna kitu, mama mkwe anapiga shwiii kwa sauti ya chini, mi mkono umeanza kuchoka. Nikaona tumbo linatetemeka kidogo pale chini ya gozi, nikasema mama sasa, na kweli ukatoka, ule wa mwanzo tukauacha ukamwagika kwenye kitenge, uliofuata ukaingia kwenye kikopo mpaka robo. Nilifunga mfuniko mikono inatetemeka, nikautembeza mwenyewe mpaka dirishani, haikupita hata dakika tano.

Kijiti hapo hapo kikaonyesha seli nyeupe nyingi, dokta akaamua aanze sindano siku ile ile bila kusubiri, kwasababu mkojo mzuri ulishachukuliwa. Tukalazwa. Jana Ijumaa majibu ya kuotesha yakatoka, bakteria wa aina moja tu safari hii, E. coli, zaidi ya laki moja kwa mililita, na wakaandika dawa zinazomuua na mbili ambazo hazimuwezi. Nikaangalia, moja kati ya hizo mbili ndo ile aliyotaka kunipa kaka wa duka la dawa.

Homa ilikata Ijumaa alfajiri. Leo amenyonya titi zote mbili akalala na jasho limemtoka kwenye nywele, nimemkumbatia tu sitaki kumweka chini. Wamesema wiki ijayo tufanye ultrasaundi ya figo kwa vile bado mdogo na alikua na homa kali, waone kama maumbile yako sawa. Nimemwomba yule nesi wa zamu wabandike karatasi pale kwenye benchi la kusubiria, ya kuelekeza namna ya kumsafisha mtoto kabla ya kifuko na namna ya kukinga kwa kikopo, akasema niandike mimi kwa maneno ya kawaida yeye atampelekea mkuu wa wodi. mtu_wa_maabara na nesi_Mpwapwa nikiandika leo usiku nitaweka hapa, mnisomee kabla sijaipeleka Jumatatu?

---

mtu_wa_maabara

Weka dada, nipo. Usisahau mstari wa kuandika saa mkojo ulipokingwa juu ya kikopo, hilo huwa hatuletewi kabisa.