Wazazi wamegomea mchango wa chakula shuleni. Mwenyekiti wa kamati nifanyeje?

Mzee wa Uwandani: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku juu Newala, kijiji sitaji. Mwezi wa tano wazazi walipitisha mkutanoni kila mkulima akatwe shilingi 10 kwa kilo ya korosho ili watoto wapate makande mchana. Malipo ya mnada wa kwanza yametoka, watu wameona makato, imekuwa vita. Mke wangu anarukwa kwenye foleni ya maji. Nikitoka msikitini hakuna wa kunipa mkono. Niwaelimisheje hawa watu?

Mama Ndanda: Pole baba. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ukimwomba mzazi debe la mahindi anakujibu serikali imeleta hela. Hela gani? Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194 za masomo, hamsini na kidogo kwa siku. Kitumbua hupati.

Salfa Mbili: Mkutanoni walikuwepo wangapi?

Mzee wa Uwandani: Walikuwepo wa kutosha. Tusitoke kwenye mada.

Mwalimu Mstaafu: Mimi nimefundisha Lindi. Ule mradi wa elimu wa EQUIP-T walipoleta Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, tulilima shamba la mihogo la shule, wazazi na walimu. Nguruwe pori wakamaliza lote kwa usiku mmoja. Tulikaa pembeni ya shamba tukacheka mpaka mwalimu wa nidhamu akatokwa machozi. Baba mmoja pale ndiye baadaye aliniuzia kiwanja ninachoishi mpaka leo.

Salfa Mbili: Mwalimu, kiwanja hongera. Mleta mada, wa kutosha ni wangapi?

Mzee wa Uwandani: 19. Watu walikuwa mashambani. Mwalimu mkuu akasema muhtasari wenye sahihi 19 utarudishwa, tukaambatisha majina mengine. Ni wanakijiji hawahawa na sahihi ni zao wenyewe. Hakuna aliyeghushi.

Salfa Mbili: Walisaini nini?

Mzee wa Uwandani: Kupokea salfa, ile dawa ya mikorosho.

Bwana Kangala: Hahahaha, jamani nishikeni!

Mzee wa Uwandani: Cheka tu. Safu ya idadi ya mifuko waliyopokea tuliikunja wakati wa kutoa kopi. Ukurasa wa tatu haukukunjika vizuri, na ndio uliobandikwa ofisi ya kijiji, una mpaka alama ya dole gumba lenye vumbi la salfa. Jirani yangu akatafuta jina lake, akauliza mbele za watu: "Yaani mimi kwenye mkutano wa makande nilihudhuria mifuko minne?"

Mama Ndanda: Baba, mimi pole yangu naichukua. Ukimla mtu sahihi yake umemla yeye. Mcheni Mungu.

Mtoto wa Kitaya: Mnahangaika na chai. Makato ya korosho hayapitishwi na kamati ya shule, ni mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Halafu mwezi wa tano salfa kwetu ilikuwa haijafika. Na huyuhuyu mwaka jana alileta uzi kwamba ni bodaboda wa Masasi kaachwa na mke.

Bwana Kangala: Salfa mwezi wa tano ilifika, wewe jina lako halikuwepo kwenye daftari.

Mtoto wa Kitaya: Ilifika wapi? Taja ghala.

Mzee wa Uwandani: Bodaboda ninayo na kuachwa niliachwa, huyu wa foleni ya maji ni wa pili. Chama cha msingi walipitisha, ndiyo. Walisomewa muhtasari wetu kwamba wazazi wote wameridhia.

Salfa Mbili: Kwa hiyo mkutano wa pili umesimama juu ya wa kwanza, na wa kwanza umesimama juu ya mifuko. Itisha mkutano upya, useme.

Mzee wa Uwandani: Barua ya kujiuzulu nimeshaandika, sababu presha. Nikisema ukweli mwalimu mkuu ataondolewa, na ni mtu anayefundisha darasa la saba mpaka Jumamosi bila senti. Na watoto wameshaanza kula. Kuna kabinti ka darasa la pili kanakuja na bakuli la bati kamelifunga kwenye kipande cha khanga, kakimaliza kanalifunga tena na makande nusu, kanampelekea mdogo wake. Nikamwambie nini yule?

Mwalimu Mstaafu: Presha unayo kweli?

Mzee wa Uwandani: Tangu juzi.

Salfa Mbili: Hakuna anayekataa makande. Wamekataa kuambiwa walisema ambacho hawakusema. Waulize, huenda wakakupa hata 15.

Mtoto wa Kitaya: Bado hamjataja ghala.

Mzee wa Uwandani: Barua bado iko mfukoni. Mtendaji amekubali mkutano uwe kesho saa nne, chini ya mwembe wa shule. Naomba kuuliza tu, karatasi ya mahudhurio niipitishe mwanzo au mwisho?

Bwana Kangala: Mwanzo. Na usiikunje.