Nina MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva), nyumbani wanasema ni ugonjwa wa Wazungu. Nishike takwimu ipi?

BintiPangani: Wakuu, habari. Nina miaka 34, naishi Minneapolis, Marekani. Mwezi wa tatu jicho la kushoto lilififia wiki nzima. Nikapigwa picha ya MRI ya kichwa, nikatolewa maji ya uti wa mgongo. Jibu: MS, kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva. Mama yuko Tanga, anasema nimetupiwa kitu, mtu mweusi haugui hiyo. Na daktari wa kwanza naye alisema kwa Waafrika ni nadra! Nikipekua mtandaoni, huku naambiwa Marekani ina wagonjwa 400,000, kule karibu milioni. Nimwonyeshe mama ipi?

Kibuyu_Kikavu: Pole sana dada. Ile 400,000 ni ya kale, chimbuko lake ni uchunguzi wa miaka ya 1970, watu wakawa wanainakili tu. Shika ya pili. Daktari wa neva Mitchell Wallin na wenzake waliitoa 2019 baada ya kupitia kumbukumbu za bima. Ila nayo ni makadirio ya 2017 kutoka data za 2008 hadi 2010. Huko daktari halazimiki kuripoti MS kama anavyoripoti kifua kikuu, sasa nani atajua idadi ya leo?

JabaliLaTarime: Takwimu haziponyi. Mama asikilizwe, kuna mtaalamu Handeni...

NesiMstaafu: Wewe Jabali, ukome. Mwanangu, wanawake ndio wengi kwenye MS, na utafiti wa 2013 kusini mwa California uliona wanawake weusi wanaipata kuliko weupe. Huku kwetu namba ni ndogo, makadirio ya 2020 yaliweka Afrika chini ya 10 kwa kila watu 100,000. Lakini MRI ziko ngapi, na madaktari wa neva wangapi? Asiyepimwa hahesabiki. Miguu ikifa ganzi wanaandika kiharusi, au anapelekwa huko kwa Jabali. Anza dawa mapema, zinapunguza mashambulizi, hata kama haziondoi ugonjwa.

BintiPangani: Asanteni. Nimemtumia mama sauti WhatsApp, nikamtajia hiyo milioni. Kakaa kimya, kisha: "Milioni? Nani kawatupia wote hao?" Dawa kakubali nianze. Kombe atanisomea hukohuko.