Tupeane uzoefu: umemjengaje woloki wako mpaka akafaa mezani?

Kijana wa Malindi

Assalaam alaykum jamaa. Uzi huu ni wa wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, hapa Unguja na Pemba, hasa waliowahi kumcheza woloki, yule mchawi aliyefunga mkataba na kiumbe mkubwa kuliko yeye. Kwenye vikao vingi naona watu wanamkimbia. Wanasoma ukurasa wake, wanaona ana nafasi mbili tu za uchawi, yaani mara mbili tu za kutupa uchawi mkubwa, wanarudi kwa mchawi wa vitabu. Mie namtetea kwa moyo wote, na nataka tuambizane kwa ukweli: mlichagua nini, na kilifanya nini mezani.

Naanza mwenyewe. Tunatumia toleo la tano la 2014, kwa sababu sheria zake za msingi zimeachiwa bure na kila mtu anazifungua kwenye simu yake. Woloki wangu alianza na Haiba 16, yaani sifa ya mvuto wake, daraja la 4 nikaipandisha ikawa 18. Msiigawe pengine kabla haijafika hapo, maana uchawi wake wote unategemea Haiba. Daraja la 2 nikachukua Agonizing Blast, invokesheni (kipaji cha kudumu cha woloki) inayoongeza nyongeza ya Haiba kwenye kila mshale wa Eldritch Blast, uchawi wake mdogo usiotumia nafasi. Ukifika daraja la 5 mishale inakuwa miwili, kila mmoja ni dadu ya pande kumi na juu yake 4, ambayo ndiyo nyongeza ya Haiba 18. Yote miwili ikipata, wastani ni 19 kwa raundi, umbali wa futi 120, na hujatumia nafasi hata moja. Ukimtia adui Hex, uchawi wa laana unaotumia nafasi moja, kwanza, kila mshale unaongeza dadu ya pande sita, na wastani unafika 26. Na hayo ni ya kila raundi, mpaka mwisho wa pambano.

Sasa hizo nafasi mbili zinazowatisha watu. Zinarudi kwa mapumziko mafupi, yaani saa moja ya mchezo. Mchawi wa vitabu wa daraja la 5 ana nafasi mbili za ngazi ya tatu kwa siku nzima, na moja zaidi anaweza kuirudisha akipumzika. Woloki akipata mapumziko mafupi mawili, kwa siku hiyo ametupa uchawi wa ngazi ya tatu mara sita. Na kama bwana wake, yule kiumbe aliyefunga naye mkataba, ni Fiend (shetani), Fireball, uchawi wa mpira wa moto, imo kwenye orodha yake.

Lakini wenzako lazima wakubali kupumzika! Meza yetu tuliafikiana kabla ya kampeni kuanza, na msimulizi, yule anayeendesha hadithi, akawa anaacha upenyo baina ya pambano na pambano. Meza isiyopumzika inamuua woloki hata umjenge vipi. Kwa hiyo, kabla hujachagua uchawi wowote, zungumza na msimulizi wako.

Bint Wete

Waalaykum salaam kaka. Bwana wa woloki wangu ni jini wa bahari, Marid, kutoka kitabu cha nyongeza cha 2020. Watu wengi huchagua bwana kwa kutazama hesabu. Mie nilimchagua huyu kwa sababu mezani kwetu kila mtu amekulia kwenye hadithi za majini, na msimulizi hakuhitaji kueleza kitu.

Mkataba huu unakupa chombo cha kuingia ndani yake. Kitabu kinataja taa, chupa, pete na vyenginevyo. Msimulizi wangu akaniruhusu chetezo. Daraja la 1 unaweza kukaa ndani saa nne, mara moja kwa siku, na ukiwa humo unasikia yote yanayozungumzwa karibu na chombo.

Basi kikundi chetu kilitakiwa kujua njama ya waziri mmoja, na nyumba yake ilikuwa na harusi. Nikaingia ndani ya chetezo, mwenzangu akatia makaa na udi juu, akajichanganya na wanawake waliokuwa wakifukiza. Chetezo kikapita ukumbi mzima, kila mmoja akakishika kidogo, mpaka kikafika chumba cha ndani alikokaa waziri na watu wake. Nikasikia jina, siku, na bandari wanayoshushia silaha. Tukatoka bila ya upanga kuchomolewa. Pale ndipo wenzangu walipoacha kuniuliza kwa nini sikuchagua mchawi wa kawaida.

Niseme na hili, maana najua wapo wanaojiuliza. Mama yangu aliposikia majini na mikataba hakupenda, na nilimuona ana haki ya kuuliza. Nikamkalisha, nikamuonesha karatasi ya mhusika na dadu, akaona ni hadithi na hesabu. Meza yetu ina masharti: hakuna aya wala dua ya kweli inayotumika kama uchawi, na hatutaji mizimu ya mahali watu wanapoishi. Masharti hayo hayajawahi kutuharibia mchezo, na wazee wetu wametuacha tucheze kwa amani.

Fundi wa Dadu, Michenzani

Dada hapo kwenye masharti umesema la maana, na sisi tutalichukua.

Mie nataka kuwatahadharisha juu ya ushauri unaozunguka sana: chukua Devil's Sight uone ndani ya giza la kichawi, kisha jitie Darkness, uchawi wa giza, usionekane. Kwenye karatasi ni tamu. Adui hakuoni, wewe unamuona. Lakini na wenzako hawaoni! Kwetu mpiga upinde alikuwa amesimama kando raundi baada ya raundi hana wa kumlenga, na mganga hakuweza kumtibu aliyeanguka mle ndani kwa sababu uchawi wake ulitaka amuone. Kama kikundi ni cha watu wawili, sawa. Kikundi cha watano, hapana.

Nafasi za woloki zishikeni kama turufu mkononi, haitupwi kwa karata ndogo. Bora zaidi ni uchawi unaodumu kuliko wa kupiga mara moja. Hex ikitupwa kwa nafasi ya ngazi ya tatu inakaa saa nane. Unaitupa asubuhi, unapumzika saa moja bila ya kupoteza umakini unaoushikilia uchawi huo, nafasi yako imerudi na Hex bado ipo. Siyo kila msimulizi atalikubali hilo, muulize.

Mkaazi wa Pujini

Hapa kwetu tunacheza kampeni ndani ya magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba. Kila mtoto wa Pemba anakijua kile kisima chake, kilichotiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji. Msimulizi wetu alikiweka vilevile.

Woloki wangu daraja la 3 alichukua mkataba wa mnyororo, nikapata kishetani kidogo kinachoweza kuwa panya, kunguru au buibui, na kinaweza kutoonekana. Nikaongeza Voice of the Chain Master, nikawa naona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Nikakigeuza buibui, kikateremka upande mmoja wa kisima, kikapanda ukuta, kikakaa juu kutazama upande wa pili. Walinzi walikuwa wawili, mmoja amelala, na ufunguo umo ndani ya ndoo. Msimulizi alinyamaza muda, kisha akafunga ukurasa aliouandalia pambano. Yote hayo yamo kwenye sheria za bure, huhitaji kununua kitabu.

Kijana wa Malindi

Yakhe, hicho kisima nitakiomba kwa kampeni yetu ya Ramadhani. Baada ya tarawehe mpaka daku tunapata kikao kirefu kuliko mwezi mwengine wowote.

Mgeni Kiembesamaki

Naombeni msaada jamaa zangu. Meza yetu inatumia sheria mpya za 2024, tunaanza Ijumaa baada ya Isha, daraja la 1. Haya mliyosema yanafaa? Na mie napenda mpiganaji wa upanga.

Fundi wa Dadu, Michenzani

Mengi yanafaa, mpangilio ndio umebadilika. Bwana wako utamchagua daraja la 3, siyo la 1, kwa hiyo una muda wa kuonja mchezo kwanza. Invokesheni unaanza nayo daraja la 1, moja, na mkataba wa upanga umo humo: chukua Pact of the Blade na utapiga kwa Haiba badala ya nguvu. Daraja la 2 unapata njia ya kurudisha nusu ya nafasi kwa ibada ya dakika moja, mara moja kwa siku, kwa hiyo meza isiyopenda kupumzika haikuumizi sana kama zamani.

Kwa kuwa utasimama mbele, Siha iwe 14 au zaidi baada ya Haiba, na katika uchawi wako wa mwanzo usikose Armor of Agathys. Inakupa uhai wa ziada 5, na anayekupiga kwa mkono anapata 5 za baridi maadamu uhai huo haujaisha. Wa pili chukua Hex. Eldritch Blast usiiache hata kama una upanga, maana siku moja adui atakuwa juu ya mnara.