Biden na majaji wa Mahakama ya Juu Marekani: ni msimamo au hasira za mtu anayeaga?

Mwalimu wa Nanyamba

Wakuu, salaam. Nafundisha Uraia sekondari huku Nanyamba, Mtwara. Wiki hii tulikuwa kwenye mihimili ya dola, binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama: "Mwalimu, eti Marekani jaji anakaa mpaka afe?" Nikamwambia ndiyo, labda ajiuzulu mwenyewe au Bunge limwondoe. Akaniuliza tena, mbona marais wao wanaliacha tu?

Ndipo nikawaeleza habari ya Joe Biden. Tarehe 29 Julai 2024, akiwa Austin, Texas, alitaka mambo matatu: jaji wa Mahakama ya Juu akae miaka 18 basi, majaji wafungwe na kanuni za maadili zenye nguvu, na Katiba irekebishwe ili rais aliyetenda jinai akiwa madarakani asijifiche kwenye kinga. Hilo la tatu lilitokana na hukumu ya Julai 1 mwaka huohuo, kesi ya Trump, ambapo majaji sita dhidi ya watatu walisema rais ana kinga ya kutoshtakiwa kwa matendo yake rasmi.

Kinachonisumbua ni hiki. Mtu huyu aliingia Seneti 1973, akaongoza kamati inayowahoji majaji kabla hawajathibitishwa, akawa makamu wa rais miaka minane. Muda wote huo hakutaka kuigusa mahakama. Akaja kusema siku nane baada ya kujitoa kwenye kinyang'anyiro cha urais. Tumwelewe vipi? Naomba majibu ya watu wanaojua, niwapelekee wanafunzi.

Kijana wa Magomeni

Mwalimu, hiyo ni sizitaki mbichi hizi. Sita kati ya tisa wameteuliwa na marais wa Republican, chama kinachopingana na cha Biden. Wangekuwa wa upande wake usingesikia habari ya miaka 18. Wanasiasa ndivyo walivyo, huko na huku.

Karani Mstaafu

Kijana wangu wa Magomeni amefanya haraka. Mimi nimefanya kazi masjala ya mahakama hapa Mtwara mpaka nikastaafu, na suala la umri wa jaji nimeliona kwa macho. Katiba yetu inasema Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akifika miaka 60 (ibara ya 110), wa Mahakama ya Rufani 65 (ibara ya 120). Siku inajulikana. Jaji anamalizia hukumu anazodaiwa, majalada yaliyobaki yanapangiwa wengine, anaagwa, kazi inaendelea. Hakuna anayekaa kuulizia afya yake.

Wenzetu Marekani wanaishi kwa kuulizia afya hiyo. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba 2020 akiwa na miaka 87. Kabla ya Oktoba kwisha nafasi yake ilikuwa na mtu, Amy Coney Barrett, uchaguzi umebaki siku chache. Lakini Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, Seneti ilikataa hata kumhoji Merrick Garland aliyependekezwa na Obama, ikisema wananchi wapige kura kwanza. Jimmy Carter alitawala miaka minne asiteue hata jaji mmoja wa mahakama hiyo. Trump katika muhula wake wa kwanza, miaka minne ileile, akateua watatu. Mahakama ya taifa kubwa inaamuliwa na misiba imeangukia mwaka gani!

Hesabu ya Biden inaliondoa hilo. Majaji tisa, kila mmoja miaka 18, maana yake kila baada ya miaka miwili anatoka mmoja na kuingia mmoja. Rais yeyote, wa chama chochote, anapata wawili kwa muhula. Hilo ni jambo jema hata kama lingesemwa na adui yangu.

Kwenye maadili mimi sina simile kabisa. Pale dirishani kwetu mdai mmoja kutoka Tandahimba aliniletea korosho zilizobanguliwa kwenye mfuko wa kaki, shauri lake halijapangiwa tarehe. Nilimrudishia mbele ya wenzangu, na mzee wa watu alikuwa na nia njema tu. Jaji Clarence Thomas, aliyeingia mahakamani 1991, magazeti yaliandika 2023 kwamba kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akisafirishwa kifahari na tajiri Harlan Crow bila kutaja kwenye fomu ambayo jaji hutangazia zawadi na mali zake. Yeye alijibu kwamba ni rafiki, na alishauriwa kuwa ukarimu wa namna hiyo hauhitaji kutajwa. Novemba mwaka huo majaji wakajiandikia kanuni zao wenyewe, ila hakuna chombo cha kumshughulikia anayezivunja. Karani wa masjala ana wa kumwajibisha, jaji wa juu kabisa hana? Hapana.

Sasa la kuchelewa. Kijana, angekuwa anatafuta majaji wa kwake tu, angeomba idadi iongezwe, na wenzake chamani walimsukuma afanye hivyo. Hakuomba. Mwaka 1983, akiwa seneta, aliuita mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa 1937 wazo la kipumbavu. Roosevelt alitaka kuongeza majaji wapya wasiozidi sita juu ya waliokuwepo, mmoja kwa kila jaji aliyepita miaka 70 na asistaafu. Seneti ilikuwa imejaa watu wa chama chake, na bado ikaurudisha mpango huo kamatini kwa kura 70 kwa 20. Biden alishikilia hapo mpaka mwisho.

Ninachomlaumu ni mwaka 2021. Aliunda tume ya kuchunguza mageuzi ya mahakama hiyo mwezi Aprili, Desemba akapewa ripoti, chama chake kikiwa na wingi mwembamba kwenye mabunge yote mawili. Akaiweka kabatini. Najua kurekebisha Katiba yao kunadai theluthi mbili za kila bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50, na asingezipata. Lakini rais mwenye miaka mitatu mbele yake anaweza kulizungusha jambo nchi nzima mpaka watu walizoee. Alilisema akiwa anafunga mizigo, na siku hiyohiyo Spika Mike Johnson akatamka kwamba kwenye Baraza la Wawakilishi halipiti.

Mama Mikorosho, Lindi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mpaka mwisho, ila mimi nina yangu moyoni. Shauri letu la shamba la mikorosho lilianza Baraza la Kata, likaenda la Wilaya, likapanda Mahakama Kuu, sasa liko Rufani. Baba aliyelifungua tumeshamzika. Majaji wa Rufani wakija Mtwara kwa vikao tunafunga safari kwenda kusoma orodha ubaoni, kidole kinashuka mstari kwa mstari kutafuta jina la kaka yangu, ndiye msimamizi wa mirathi. Kwangu mageuzi ni majaji waongezwe na vikao viwe vingi. Mwanasiasa gani wa kwetu amesimama jukwaani akalisema hilo?

Na Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilitaka tuwe na Mahakama ya Juu, matokeo ya urais yapingwe huko, maana ibara ya 41(7) ya Katiba ya sasa inazizuia mahakama zote kuyachunguza. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, ndiyo kimya. Kenya majaji wao walifuta uchaguzi wa rais Septemba 2017 na nchi ikarudi kwenye kura.

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Umesema kweli, na nikuongezee moja: ibara hiyohiyo ya 120 inamruhusu Rais, akiona ni kwa manufaa ya umma, kumwacha Jaji wa Rufani aendelee baada ya 65. Kwa hiyo ukomo tunao, lakini kuufungua ni uamuzi wa mtu mmoja. Wagombea wakija Lindi waulizeni hilo pamoja na la vikao, wakiwa bado wanaomba kura.

Mwalimu wa Nanyamba

Nashukuru sana. Jumatatu nawapa hesabu ya Carter na Trump waifanye wenyewe ubaoni. Mzee, mkuu wa shule akiridhia, utakuja Nanyamba uwaeleze habari za masjala? Nauli tutachanga walimu.