Nasoma sana ila nikifunga daftari kichwa kinakuwa tupu

nimechoka_na_noti: Wakuu habari, mtihani wa mwisho umebaki wiki 6, nasoma mpaka saa nane usiku, noti za bayolojia nimezipaka rangi karibu kurasa zote ila nikifunga daftari sikumbuki kitu. Nakosea wapi jamani?

mama_wawili: Pole mwanangu. Kupaka rangi siyo kusoma, macho yanauzoea tu ule ukurasa we unadhani umeelewa. Chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kuhusu usanisinuru tuseme, halafu fungua daftari uone umeacha nini, hapo ulipoacha ndo pa kusoma. Mwanzoni inauma.

dogo_hesabu: Na usimeze mada nzima siku moja. Ebbinghaus, yule mwanasaikolojia Mjerumani, alishaonyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, so mi nilikuwa narudia kesho yake, then baada ya siku 3, then wiki. Pasti pepa je unafanya? Tega saa, simu iwe chumba kingine, afu jisahihishe bila huruma. Mi hesabu nilikuwa najua kabisa ila maksi zinapotea kwa kuruka hatua, na sikugundua mpaka nilipoanza kujisahihisha mwenyewe.

nimechoka_na_noti: Nimejaribu ya karatasi sasa hivi, mistari minne tu 😂 na usiku je, niendelee kukesha?

mama_wawili: Lala wewe! Ubongo unapanga ulichosoma ukiwa usingizini. Hiyo mistari minne ijaribu tena kesho ukiamka.