Babu alitoka Maragoli, akafia Nakuru: nianze na rekodi gani?

Mjukuu_Bondeni: Hamjambo wakubwa. Natafuta baba na babu wa babu yangu. Alizaliwa Maragoli, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1920 hivi, akafia Nakuru 1986. Nina kitambulisho chake na namba ya shamba la nyumbani. Cheti cha kuzaliwa hakuna.

Karani_Masjala: Cheti achana nacho. Kuandikisha vizazi vya Waafrika kulikuwa lazima wilaya moja baada ya nyingine kuanzia 1963, na nchi nzima ikafikiwa 1971. Mwaka ulio kwenye kitambulisho cha mzee wa rika hilo mara nyingi ni wa kukadiria.

Fuata shamba. Pale masjala ya ardhi usiridhike na sachi (upekuzi rasmi wa umiliki), maana inakupa mwenye shamba wa leo tu. Omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani: ina mwenye wa kwanza tangu shamba lisajiliwe na kila aliyefuata. Likiwa lilirithiwa, mara nyingine namba ya kesi ya mirathi imeandikwa hapo hapo.

Wakili_wa_Mirathi: Faili hilo la mirathi ni hazina. Barua ya chifu iliyomo inapaswa kutaja wake na watoto wote, hata mabinti walioolewa. Kama huna namba ya kesi, pekua Gazeti Rasmi la Serikali, matoleo ya zamani yako kwenye intaneti. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, alipofia na lini, mwombaji ni nani wake, na mahakama gani. Tafuta kwa tahajia zote. Makarani waliandika walivyosikia: l ikawa r, v ikawa b. Maragoli yenyewe si inatokana na Mulogoli, jina la babu wa kabila?

Mzee_wa_Ukoo: Kijana, jina la mwisho lisikupoteze. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia, kwa hiyo babu na mjukuu wanaweza kuwa na jina moja. Uliza kwanza ukoo: Mavi, Kizungu, Saali au Kirima, na ni nyumba ipi ndani yake.

Ukienda Nyaraka za Taifa, usiulize Vihiga, wilaya ya Maragoli iliyoundwa 1990 tu. Uliza Kavirondo Kaskazini, baadaye Nyanza Kaskazini. Mafaili ya wakuu wa wilaya yanataja machifu kuliko raia. Kesi za mashamba za mabaraza ya wenyeji (mahakama za Waafrika enzi za ukoloni) ndizo bora, kwani mdai alilazimika kueleza shamba lilitoka kwa baba gani na babu gani.

Mjukuu_Bondeni: Asanteni sana. Na kadi ikionyesha babu mwenyewe ndiye wa kwanza?

Karani_Masjala: Basi nunua ramani ya eneo hilo la usajili, uone namba zinazopakana na yake, kisha uombe kadi za namba hizo pia. Maragoli baba aliwagawia wanawe vipande vilivyokaribiana, kwa hiyo majirani wa mpakani mara nyingi ni ndugu zake au wana wa baba zake wadogo. Wazee wao walio hai ndio wa kuwatembelea kwanza, ukiwa na majina hayo mkononi.