Mdogo wangu ana skizofrenia na anataka kufunga Ramadhani: tumzuie?

BintiMtanga
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, tangu alipokuwa na miaka 22. Kwa sasa hali yake ni nzuri: anameza vidonge asubuhi na usiku, anafua nguo zake mwenyewe, na swala ya jamaa haimpiti. Mwaka juzi aliacha dawa tangu siku ya kwanza ya mfungo, akawa anakesha msikitini kila usiku, na kabla ya kumi la mwisho kuingia sauti zilikuwa zimerudi, zikimwambia kwamba dua za waumini wote hazipokelewi kwa sababu yake. Mama anataka azuiwe kabisa. Mimi naogopa kumnyang'anya jambo ambalo nimeona kwa macho yangu likimrudishia hamu ya kuishi.

MuuguziMstaafu
Waalaykum salaam, mwanangu. Mpelekeni kwa daktari wake mapema, wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Mara nyingi daktari anaweza kuhamishia dozi kwenye futari na daku, na kwa baadhi ya wagonjwa huchagua sindano ya fluphenazine, ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Asijipangie mwenyewe. Kama anavuta sigara na anatumia olanzapine, mwambieni daktari hilo pia, kwa kuwa moshi wa sigara huharakisha kuondoka kwa dawa hiyo mwilini, na anayepunguza kuvuta ghafla anaweza kulemewa na dozi ileile aliyoizoea. Lakini kuliko njaa, mimi ningehofia zaidi kukesha. Wagonjwa wengi niliowahudumia walianza kwa kukosa usingizi siku tatu au nne, ndipo mengine yakafuata.

MjaWaSubira
Dada, mimi ninaishi na ugonjwa huu mwaka wa 14 sasa. Nilipoanza kuumwa, mganga mmoja alinieleza kwamba vidonge vinamfungia jini ndani ya mwili. Nikavitupa, na baada ya miezi miwili nilikuwa wodini. Siku hizi ninasali tarawehe, ninarudi nyumbani, ninameza dawa na kulala mpaka kaka yangu aniamshe kula daku. Swala huniacha nikiwa mtu miongoni mwa watu, nimesimama katika safu kama wenzangu. Sauti hunitoa katika safu hiyo, zikanipa cheo au lawama ambayo hakuna mwingine anayeijua. Nikianza kuhisi kwamba imamu amechagua aya kwa ajili yangu peke yangu, humwambia kaka yangu siku hiyohiyo, na hatungoji tarehe ya kliniki.

Ustadhi_Mwalimu
Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, kwa hiyo daktari akimkataza, kijana asijione amepungukiwa na imani. Kuhusu kukesha, Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, naye Mtume (SAW) akamwagiza afunge na afungue, asali na alale, kwa kuwa mwili wake una haki juu yake na macho yake yana haki juu yake. Msomeeni hadithi hiyo kwa upole, wala asisomewe kama karipio.

BintiMtanga
Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimekaa naye jioni hii pamoja na mama, nikamsomea majibu yote. Aliniomba nirudie mara mbili maneno ya MjaWaSubira. Jumatatu tunakwenda kliniki, na ameshaniambia kwamba wa kumwamsha daku nitakuwa mimi.